Neno la Mtega Ndege

Baba yangu Yostai alikuwa akimjua ndege kwa kivuli. Kabla macho yake hayajaingia ukungu, alikuwa akilala chali juu ya chelezo cha matete, kitambaa usoni, na kila kivuli kilichopita juu ya kitambaa alikitaja: mwewe, korongo, mwari, tena ameshiba, sikiliza anavyopiga mbawa kivivu. Mimi nilikuwa na miaka sita, nimeshika upondo wa kusukumia, nachungulia angani ili nimnase akikosea. Sikumnasa hata mara moja. Nilidhani ndiye aliyewaumba.

"Aliyewaumba ni mwingine," aliniambia akicheka. "Mimi nimekaa tu karibu na kazi yake."

Kijiji chetu, Kefar Suf, kimekaa ukingoni mwa bwawa kubwa la kaskazini, mwendo wa siku moja na nusu kutoka Tiberia. Mbu wetu wanajulikana hadi huko. Wenzetu wanalima ngano na kusuka mikeka ya mafunjo. Sisi wa nyumba ya Yostai tunatega ndege, na kazi hiyo haiishii kwenye wavu. Torati imewataja kwa majina ndege najisi ishirini na wanne, na wasiotajwa wote ni safi. Lakini majina yale ni ya zamani, na ndege hazaliwi na jina limeandikwa mgongoni. Dalili zipo: kidole cha ziada nyuma ya mguu, mfuko wa chakula shingoni, firigisi ambayo ngozi yake ya ndani hubanduka kwa mkono. Hata hivyo, ndege anayewinda kwa mguu wake, akakanyaga na kurarua, ni najisi hata akiwa na dalili zote. Ndiyo maana dalili peke yake hazitoshi. Ndege huliwa kwa neno lililopokewa. Mtega ndege akisimama na kusema, "Mwalimu wangu alinikabidhi ndege huyu kuwa ni safi," anaaminiwa, na chungu kinawekwa motoni. Asiposema, ndege anarudi bwawani, hata kama watoto wanalia njaa.

Neno hilo ndilo lililokuwa utajiri wa baba. Watu walitembea kutoka vijiji vitano, ndege kapuni, kuja kumsikia akilisema. Hata alipopofuka walizidi kuja. Alipitisha vidole miguuni na kooni, akanusa manyoya, akataja ndege, na mtu akaenda zake akiwa na amani. Mimi nilikuwa macho yake. Nilikuwa na miaka ishirini, sijaolewa, mikono yangu inanuka ulimbo na tope, na sikuona sababu ya kujisikitikia. Nani mwingine pale kijijini aliyelipwa ili atazame uumbaji kutoka alfajiri hadi jioni?

Baba alinifundisha kwa namna yake. "Nipe mguu wa huyo," angesema, nami ningemwekea mguu wa bata kiganjani. "Gusa hapa. Unaona magamba? Kama ya samaki. Siku ya tano Mungu hakuwaumba ndege kwa maji matupu wala kwa ardhi kavu. Aliwaumba kwa tope, hili hili unalolikanyaga. Ndiyo maana wanaruka, lakini miguuni wamebaki na kumbukumbu ya majini." Kidole chake gumba kikapanda na kushuka juu ya yale magamba. "Hebu fikiria, mwanangu. Tope."

Alinifundisha kwamba hudihudi ananuka lakini amevaa taji, na kwamba hayo mawili hayagombani. Alinifundisha kwamba korongo mweupe huwagawia wenzake chakula, na bado Torati imemhesabu najisi. Nilipomuuliza kwa nini ndege mwema hivyo awe najisi, alisema, "Anawagawia wa jamaa yake tu," na hakuongeza kitu. Nilipomkuta ndege mzuri kupita kiasi, nilijua la kufanya: kutua upondo na kumshukuru Mungu kwa kuwa ulimwengu wake una kitu kama hicho. Kwa mtu anayeishi bwawani, upondo hautulii: unatuliwa na kuinuliwa mchana kutwa.

Na kati ya wote hao, mzuri kuliko wote alikuwa kuku wa matete.

Ni mkubwa kama jogoo, rangi yake ni buluu inayoelekea zambarau, kama kitambaa ambacho watu wa kawaida hawaruhusiwi hata kukiota. Mdomo wake na paji la uso wake ni vyekundu kama kaa la moto. Miguu mirefu myekundu, vidole virefu zaidi, na chini ya mkia ana weupe anaouonyesha kila hatua, kama mwanamke anayejua anatazamwa. Anang'oa chipukizi la tete, analishika kwa mguu mmoja, analila kama sisi tunavyokula mkate. Sisi nasi tulimla yeye. Baba alitoa neno lake kabla sijazaliwa, na tangu hapo Kefar Suf hakukuwa na sherehe bila kuku wa matete kwenye mchuzi wa vitunguu.

Mwaka huo, ngano ikiwa imekwisha kuvunwa, mama mdogo Domnika, ndugu wa marehemu mama yangu, alikuwa akimwoza binti yake Hova kwa kijana wa Tiberia. Mama mdogo alikuwa na sauti ya kuvusha ng'ombe mto. Alikuja uani kwetu wiki mbili kabla.

"Shemeji," alimwambia baba, "nataka arobaini. Wanene. Watu wa Tiberia wanakula samaki wa ziwani kila siku hadi wameota mapezi. Nataka wakirudi kwao waseme hawajawahi kuonja kitu."

"Arobaini utapata," alisema baba.

"Na huyu Tavita aoge. Kunakuja vijana."

"Nitaoga, mama mdogo," nilisema. "Nawe utawafungia vijana mlango wasikimbie?"

"Ulimi huo ndio unaowakimbiza, si tope."

Nilinasa thelathini na saba kwa siku nane. Tukawaweka kwenye matundu ya matete nyuma ya nyumba, tukawalisha ngano. Walibaki watatu tu kutimiza arobaini, na hao watatu ndio walionipeleka mbali, hadi sehemu ya bwawa ambako mafunjo yamesongamana na chelezo hupita kwa kusukumwa kwa tumbo. Nililala kifudifudi, nikangoja. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Kuku wa matete akatoka, mmoja, karibu nami kiasi kwamba niliona maji yakidondoka kutoka mdomoni mwake. Nikafungua kinywa nimshukuru Mungu.

Mbele yake alipita bata jike na vifaranga saba. Wa saba alikuwa amechelewa. Kuku wa matete alipiga hatua moja, taratibu, kama anavyoliendea chipukizi, akaweka mguu wake mwekundu juu ya mgongo wa yule kifaranga, akamkandamiza. Kisha akainamisha kichwa na kumrarua.

Sikumaliza shukrani yangu. Nilibaki na mdomo wazi, mbu wakiingia.

Siku ya pili nilirudi mahali pale pale, bila wavu. Nilimwona mwingine akivunja mayai ndani ya kiota cha ndege wengine, akinywa. Mayai, nikajiambia, si kuwinda. Siku ya tatu nilimwona jike mwenye vifaranga vyake akimkanyaga kifaranga wa bata, akamchanachana, akawalisha wanawe vipande, mmoja mmoja, kwa upole ambao ungekutoa machozi. Sikuweza kumchukia. Alikuwa mzuri vile vile kama jana. Lakini kuku huyu, tuliyemla kwenye kila harusi na kila sikukuu, alikuwa mwindaji.

Nilimkuta baba uani akifunga mafundo ya wavu kwa kupapasa.

"Baba, kuku wa matete anawinda."

Vidole vyake vilisimama. "Anawinda nini?"

"Vifaranga vya bata. Anakanyaga, anararua."

"Uliona kwenye ukungu."

"Niliona siku tatu."

"Basi uliona mwewe."

"Mwewe mwenye miguu mirefu myekundu na matako meupe? Baba, hata wewe bila macho usingemwita huyo mwewe."

Hakucheka. Baba yangu, ambaye alicheka hata ndege alipomnyea usoni, hakucheka. "Mwalimu wangu alinikabidhi ndege huyu kuwa ni safi," alisema, kwa sauti ile anayowasemea wageni.

"Najua. Lakini labda mwalimu wako hakuwahi kufika kule kwenye mafunjo wakati wa..."

"Tavita. Wavu una tundu upande wako. Ushone."

Katika maisha yangu yote hakuwahi kunikatiza swali. Niliposhindwa kujibu alinisubiri. Niliposhindwa kuuliza alinisaidia kuuliza. Nilishona tundu lile nikiona kila kitu mara mbili mbili, kwa hasira au kwa machozi, sijui.

Usiku sikupata usingizi, na mchana sikupata hamu ya kula. Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Nikinyamaza, Jumatano, siku ya harusi, watu mia watakula najisi kwa mikono yangu mimi niliyewanasa. Nikisema, kuna mambo mawili. Ama hakuna atakayeniamini, kwani neno la msichana wa tope ni nini mbele ya neno la Yostai? Ama wataniamini, na hapo baba yangu, ambaye amekwisha kupoteza macho, atapoteza kitu pekee kilichobaki. Mtega ndege aliyekosea ndege mmoja ni nani atamletea wa pili?

Jumanne watu wa bwana harusi waliwasili juu ya punda, wakijikuna. Kiongozi wao alikuwa mjomba wa bwana harusi, Mwalimu Asaya, mmoja wa wale ambao Tiberia nzima huwapelekea maswali ya jikoni: chungu kimedondokewa na hiki, kuku amekutwa na kile. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nyusi nene na viatu vilivyokwisha kuharibika kwa tope letu.

Asubuhi ya Jumatano ua wa mama mdogo ulijaa. Vyungu vikubwa vya wafinyanzi wa Kefar Hananya vilikuwa vimepangwa kama askari, vitunguu vimemenywa, na mchinjaji wetu Zabdai alikuwa akipitisha ukucha kwenye makali ya kisu kutafuta pengo. Matundu yaliletwa. Mwalimu Asaya akainama juu ya la kwanza, akakaa ameinama muda mrefu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni chakula, Mwalimu," alisema mama mdogo.

"Naona ni mfalme. Kwetu hatuna huyu. Nani anatoa neno juu yake?"

"Shemeji yangu. Miaka ishirini anatoa, na hakuna aliyeota pembe."

"Sina shaka. Lakini mimi simjui ndege huyu, na mgeni asiyejua huuliza. Nataka kulisikia kwa masikio yangu."

Baba aliletwa, mkono wake begani kwa Zabdai. Watu wakampisha. Alivaa vazi lake la Sabato, na mimi ndiye niliyemfulia. Alisimama, akainua uso kama anavyofanya, akafungua kinywa.

"Baba," nilisema, "usiseme."

Mama mdogo ndiye aliyepata sauti kwanza. "Ewe mtoto, umelewa? Divai haijafunguliwa!"

"Binti," alisema Mwalimu Asaya, "una jambo?"

Nilisema. Sikuwa na maneno mazuri; nilisema mguu, mgongo, kifaranga wa saba, siku tatu. Nilisema nilikuwa karibu kama kutoka pale hadi kisimani. Nilisema ni mimi niliyewanasa hawa thelathini na saba na kwamba ningependa kuliko mtu yeyote nisiwe nimeona.

"Wivu!" Mama mdogo alirusha mikono. "Wivu mtupu, Mwalimu. Ndugu yake anaolewa, yeye anakaa na vyura. Ameona! Ameona nini? Anakaa kule siku nzima jua linampiga kichwani, kesho atatuambia ameona samaki anasoma Torati!"

Watu walicheka, na kicheko kilikuwa cha kuchoka, cha watu wenye njaa wanaotaka jambo liishe. Mwalimu Asaya hakucheka. Alimgeukia baba.

"Yostai. Umemsikia binti. Neno lako ni lipi?"

Kila aliyekuwa pale alijua neno gani litaaminiwa. Nami nilijua. Nilitazama chini nisimwone akilisema.

"Nipeni ndege," alisema baba.

Zabdai alimtoa mmoja, dume kubwa, akamwekea mikononi. Ndege alipiga mbawa mara mbili kisha akatulia, kama wote wanavyotulia kwake. Baba alipitisha kidole gumba juu ya mguu, juu ya magamba, akipanda na kushuka. Alipima kidole cha nyuma. Akaushika mdomo kwa upole, akaupapasa hadi kwenye paji lile jekundu ambalo alikuwa hajaliona kwa miaka mitatu.

"Kazi gani hii," alisema, si kwetu. "Tope, na bado kazi gani hii."

Kisha akainua uso.

"Mwaka wa nzige," alisema, "wengi wenu mlikuwapo. Hakukubaki jani. Nilikuwa na mtoto wa kiume, Yehonadabu, akafa mikononi mwangu mwezi wa pili. Mke wangu alikuwa na mimba. Bata walikuwa wameisha, kware wameisha. Bwawani alibaki huyu peke yake, kwa kuwa hakuna aliyemgusa. Nilimkamata. Niliangalia kidole, kipo. Mfuko, upo. Firigisi nilibandua kwa mkono, ikabanduka. Nikamweka tunduni siku kumi, akala matete tu. Nikajiambia, ni safi. Nikampikia mke wangu, akala, akapata nguvu, akazaa." Alielekeza kidevu upande niliposimama; sijui alijuaje. "Huyo anayenishitaki mbele yenu ameumbwa kwa nyama ya huyu ndege."

"Basi yote ni sawa," alisema mama mdogo kwa haraka. "Dalili zote zipo, mwalimu wake alimkabidhi..."

"Domnika," alisema baba. "Mwalimu wangu hakunikabidhi kitu."

Mama mdogo alinyamaza. Sijawahi kuona hivyo kabla wala baada.

"Majirani walisikia harufu ya mchuzi, wakaja mlangoni. Watoto mikononi, vichwa vikubwa, shingo nyembamba. Waliniuliza, Yostai, huyu tumempokea kwa nani? Kama ningesema sijui, wasingekula. Mnawajua watu wa Kefar Suf. Mume wako, Domnika, alikuwa ametema maji ya dengu kwa kuwa panya alipita karibu. Nikasema yale maneno. Mwalimu wangu alikuwa kaburini, hakunipinga. Wakala, wakaishi. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, na mimi nilipaswa kuwaita watu niwaambie. Niliahirisha mpaka Pasaka. Kisha mpaka sikukuu ya Vibanda. Kisha ikawa ndiye ndege wa harusi zetu, na kila aliyeoa, kila aliyezaa, alizidi kuniziba mdomo. Sikuwahi tena kwenda kule kwenye mafunjo wakati wa viota. Niliogopa nitakachoona. Kisha nikapofuka, nikapumua. Nilimwachia binti yangu macho, nikasahau kwamba yeye anayatumia."

Mwalimu Asaya alikuwa ameketi juu ya chungu kilichopinduliwa, mikono magotini. "Katika njaa ile," alisema polepole, "ungeweza kusema ukweli. Kwa kuokoa uhai, Torati yenyewe ingewawekea chakula mdomoni."

"Wewe ungewaambia hivyo, Mwalimu. Lakini ulikuwa Tiberia. Hapa nilikuwa mimi na nzige."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akakubali pigo lile kama mtu anayestahili. Halafu akasimama.

"Waliokula kwa kumwamini hawana kosa. Waliokula kwa njaa hawana kosa. Yostai, neno lako peke yake halitatosha tena. Unajua."

"Najua."

"Neno la binti linatosha. Mambo ya chunguni tumekuwa tukiwaamini wanawake tangu tulipokuwa na vyungu, na huyu amesema akijua atapoteza nini. Kuku wa matete ni najisi. Na vyungu vyote vilivyowahi kumpika, mnajua hukumu ya udongo. Udongo hautakasiki; huvunjwa."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mnajua chungu ni nini kwa mwanamke: kile alichopewa na mama yake, kile kinachojua kuchemsha dengu bila kuziunguza. Walienda nyumbani kwao mmoja mmoja, wakarudi navyo. Mama mdogo Domnika alivunja vyake kumi na kimoja ukutani kwake mwenyewe, akitaja kwa kila pigo jina la mtu wa ukoo wetu, na majina ya ukoo wetu yalipoisha akaanza upya kwa baba.

Baba alikaa kwenye jiwe la mlango akisikiliza. Nilikaa karibu naye. Kila chungu kilipopasuka bega lake lilishtuka, na hakuziba masikio.

"Umenikasirikia?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nikikungoja," alisema. "Bila kujua. Miaka ishirini nilikuwa nikingoja mtu aende kule kwenye mafunjo." Alitafuta mkono wangu. "Nieleze sasa. Vizuri. Alishikaje yule kifaranga? Alitanguliza vidole vya mbele, au alishusha mguu wote?"

Nikamweleza. Nikamweleza na yule jike aliyewagawia wanawe vipande. Alisikiliza huku midomo yake ikisogea, kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa ndugu yake.

Mchana tulifungua matundu. Nilitarajia wataruka, lakini kuku wa matete haruki kama anaweza kutembea kwa madaha. Thelathini na saba walitoka uani kwa mama mdogo kwa miguu, mbele ya wageni wa Tiberia, wakichomeka vichwa mbele kila hatua, jua likiwaka juu ya mabega yale ya buluu, weupe ule ukimetameta nyuma. Walipita katikati ya vigae vya vyungu. Mtoto mmoja akapiga makofi. Mwalimu Asaya alisimama njiani na viatu vyake vilivyoharibika, akawapisha, na nilimsikia akimshukuru Mungu, kwa sauti, neno kwa neno, kwa kuwa ulimwengu wake una kitu kama hicho. Baba akaitikia amina. Nami nikamalizia shukrani yangu iliyokuwa imenikwama tangu ile asubuhi ya ukungu. Nilitambua kwamba tulikuwa tumemla miaka ishirini bila kumtazama sawasawa.

Harusini waliliwa perege, waliobanikwa juu ya makaa kwa kuwa hakukuwa na chungu, pamoja na zeituni na mkate. Watu wa Tiberia walisema hawajawahi kuonja samaki kama wale. Mama mdogo aliwaambia ndivyo alivyokuwa amepanga tangu mwanzo.

Hakuja mtu mlangoni kwetu kwa miezi mitatu. Baba alifunga mafundo. Nilitega bata na kware, ambao kila mtu anawajua na hahitaji neno la mtu, nikauza Tiberia. Niliporudi nilimweleza nilichoona njiani, naye akaniuliza hadi nikachoka.

Mwanzoni mwa mvua, makundi ya kaskazini yakipita juu yetu mchana kutwa, mama mdogo Domnika aliingia uani. Chini ya kwapa alikuwa na chungu kipya, na mkononi ndege aliyefungwa miguu: mdogo, wa kijivu, mwenye mstari wa dhahabu juu ya jicho. Alienda moja kwa moja hadi kwa baba, kwa mazoea. Kisha akasimama, akavuta pumzi kwa nguvu kupitia puani, akanigeukia.

"Haya," alisema, akininyooshea. "Ameangukia paani kwangu. Hova yuko kwangu, ana mimba, anatamani ndege. Huyu je?"

Nilimpokea. Nilitandaza vidole vyake: cha ziada kipo. Nilipapasa shingo: mfuko upo. Nilimgeuza kwenye mwanga. Sijawahi kumwona, na baba hakuwahi kuniambia habari zake. Nilimweka kiganjani kwa baba. Akampapasa polepole, akatikisa kichwa, akanirudishia. Mama mdogo alikuwa akinitazama mdomoni. Najua alichotaka. Hova alikuwa akitapika kila kitu, mwezi wa tatu, na sote tulikuwa na hofu naye.

"Sijui," nilisema.

Kisha mama mdogo akacheka kidogo, bila kutaka, akafungua uzi miguuni mwa yule ndege kwa meno yake.

"Nipe bata basi," alisema. "Na wewe uende ukamtazame huyu anakula nini, usikae hapo kama kigingi."

Ndege akaruka juu ya ukuta, upande wa bwawa. Nilichukua upondo nikamfuata.